Chambo cha nguruwe mwitu: tukiweke wapi, na mikononi mwa nani?

Mkulima wa Kuresoi au Shinyalu, pembezoni mwa misitu ya Kenya, mwenye simu na bando kidogo anaweza kutazama usiku huuhuu jinsi watu wa Texas, Marekani, wanavyonasa nguruwe. Mahindi yamemwagwa ndani ya zizi la vyuma, kundi zima linaingia bila wasiwasi, mlango unaporomoka, na asubuhi hakuna hata mmoja aliyebaki nje. Akizima simu, anarudi kwenye dungu lake shambani na tochi na kipande cha bati cha kugongagonga. Si ajabu kwamba kila mahindi yanapokaribia kukomaa, swali hulehule hurudi: mbona sisi tusiruhusiwe kuwawekea chambo?

Swali hili lina haki yake, na "sheria hairuhusu" si jibu la kutosha. Maoni yangu ni kwamba chambo kinaweza kufaa pembezoni mwa misitu yetu, ila si kwa namna wengi wanavyokiomba. Aliyekielewa vizuri jinsi kinavyofanya kazi ataona kwamba mtu mmoja mmoja akiachiwa chambo, tatizo huenea.

Kwanza tujue tunamzungumzia mnyama gani. Ngiri anayechimba nyasi mchana kweupe akiwa amepiga magoti, yule wa Ziwa Nakuru na mashamba ya Gilgil na Naivasha, si ndiye anayewakosesha usingizi watu wa kando ya misitu ya Mau na Kakamega. Yuko pia nguruwe mkubwa mweusi wa msituni, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1904 kutokana na vielelezo vya huku kwetu Kenya. Huyo hukaa zaidi ndani ya msitu. Msumbufu hasa ni nguruwe mwitu wa kawaida, mwenye manyoya marefu mgongoni, anayelala vichakani mchana na kutoka usiku akiwa na jamaa zake, pengine wanne, pengine zaidi ya kumi.

Hasara yake haifanani na ya ndovu anayepita na kwenda zake. Kwenye mahindi anasukuma bua mpaka lilale, anatafuna gunzi nusu, anaacha, anaangusha jingine. Kwenye viazi anafuata tuta kwa pua tangu mwanzo hadi mwisho, na asubuhi utadhani mtu amepita na jembe, isipokuwa viazi havipo na kwato zimetapakaa kwenye udongo uliofukuliwa. Muhogo na viazi vitamu ndiyo kabisa. Kwa mwenye robo ekari, usiku mmoja unatosha kumtoa kwenye kundi la wanaouza na kumtia kwenye kundi la wanaonunua kwa gorogoro. Na kabla ya hasara hiyo kuna gharama isiyoandikwa popote: baba au kijana wa nyumba anayekesha kwenye baridi ya Mau wiki nzima, kisha asubuhi anatakiwa kazini au shuleni.

Upande wa mkulima una nguvu kwa sababu ya pili. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeyatia makali marufuku hayo. Jirani zetu Tanzania na Uganda hutoa vibali vya kuwinda, sisi hatutoi. Serikali ikimwambia raia asijilinde kwa silaha, imejifunga kumlinda yenyewe. Kwa maandishi imefanya hivyo: Shirika la Wanyamapori, KWS, lina askari wa kushughulikia wanyama wasumbufu, na kila kaunti ina kamati ya uhifadhi na fidia. Kwa vitendo, madai ya fidia yanajulikana nchi nzima kwa kukaa miaka bila kulipwa, na ukipiga simu usiku kwamba kuna nguruwe shambani, gari likipatikana litakwenda kwanza kwa aliyevamiwa na nyati au ndovu. Zaidi ya hayo, sheria hiyohiyo inataka mdai aonyeshe kwamba alichukua hatua za kutosha kuilinda mali yake. Mtu aliyelima ndani ya msitu wenyewe, chini ya mpango wa kupanda mazao kati ya miche ya serikali, hata pa kuanzia kulalamika hana.

Kwa hiyo anayesema "turuhusuni" simwoni kama mkatili. Anaomba kifaa mahali ambapo hakuna huduma.

Sasa tukitazame kifaa chenyewe, maana video huonyesha sekunde za mwisho tu. Nguruwe haoni mbali, ila pua na masikio yake ni ya ajabu. Hukaribia chakula huku akiupokea upepo, akisimama, akisikiliza, na akinusa harufu ya mtu, sabuni au petroli anageuka bila kelele. Kwa sababu hiyo wenye ujuzi huweka chambo mbali na njia na makazi, hufika pale kwa kupitia upande ambao upepo hautapeleka harufu yao vichakani, na hufika mara chache iwezekanavyo. Chakula humwagwa saa zilezile siku baada ya siku. Kamera ndogo inayojiwasha yenyewe hufungwa mtini ili kuhesabu nani anakuja, saa ngapi, na kama kundi limetimia. Zizi lenyewe hujengwa kidogokidogo, mlango ukiwa wazi, mpaka wanyama waingie na kutoka kana kwamba liliota pale. Wanaopiga risasi, kama wawindaji wa Afrika Kusini wanaokesha juu ya vilingo, hutangulia kuwazoeza mwanga hafifu usiku kwa usiku kabla ya bunduki kufika.

Chambo kinachopendwa ni mahindi yaliyolowekwa yakachacha. Harufu yake kali husafiri mbali, na wanyama wengine wengi hawaipendi. Msomaji wa Kakamega au Vihiga ameshaelewa: machicha ya busaa, pombe yetu ya kienyeji. Huku hatuhitaji kununua chambo cha mtu yeyote, na hatuhitaji kuwamwagia nguruwe unga ambao watoto wanausubiri.

Lakini kiini cha ujuzi wote huu ni subira, na hapa ndipo maombi ya wakulima wetu na ujuzi wenyewe vinapoachana. Nguruwe huishi kifamilia na hujifunza pamoja. Ukiwa na kundi la tisa kwenye chambo na ukamuua mmoja, umewafundisha wanane. Hawatarudi pale, watabadilisha saa, watagawanyika, watahamia bonde la pili. Uliyemshinda ni nguruwe mmoja, na jirani yako amepokea waliobaki wakiwa wajanja zaidi. Mwenye chambo asiyeweza kujizuia siku ya tatu, anapowaona wawili wanono wamesimama vizuri, ni afadhali asingeanza.

Wamarekani wenyewe walilipa ada ya somo hili. Tennessee ilifungua uwindaji wa nguruwe jimbo zima mwaka 1999, bila kikomo cha idadi. Kabla ya hapo walikuwa katika kaunti 15 kati ya 95. Kufikia 2011 walionekana katika karibu kaunti 80, kwa sababu watu walionogewa na mchezo waliwabeba wakiwa hai na kuwaachilia karibu na kwao ili wawinde. Mwaka huo jimbo likageuza sheria: kuwinda kama burudani kukaondolewa, mwenye ardhi akabakiziwa haki ya kuwadhibiti kwenye shamba lake. Missouri nayo mwaka 2016 ilipiga marufuku watu kuwaua kwenye ardhi za idara yake ya uhifadhi, ili watega mazizi wafanye kazi bila makundi kutawanywa.

Isitoshe, nguruwe wa Texas ni mgeni. Kizazi chake kilitokana na nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wazungu tangu karne ya 16, baadaye kikachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya, na jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kule lengo ni kummaliza, na hakuna wa kumlilia. Nguruwe mwitu wetu ni mwenyeji. Huzaa mara moja kwa mwaka, watoto watatu au wanne hivi, hufukua udongo wa msitu na kusambaza mbegu, na ni chakula cha chui. Kwa kweli sehemu ya tatizo letu ni kwamba tumemwondoa chui pembezoni mwa msitu kisha tukashangaa aliyekuwa akiliwa naye ameongezeka. Hatuwezi kuazima lengo la Texas pamoja na zizi lake. Tunachohitaji ni kuliondoa kundi lile lililokwisha kujua njia ya shamba, na kuliacha lililo ndani ya msitu.

Nikija kwenye hatari, ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaotaka kila mwenye shamba ajiwekee chambo chake. Mkulima wetu hana bunduki, na sitaki awe nayo. Hana kamera wala zizi la vyuma. Chambo bila vitu hivyo huishia kwenye mambo mawili: waya au sumu. Tanzi la waya halichagui. Linamkamata paa, mbwa wa jirani, ndama. Sumu ndiyo mbaya zaidi. Nchi hii imeshaona dawa za wadudu za jamii ya kabofurani zikipakwa kwenye mizoga kuua simba, na kila mara waliokufa hawakuwa simba peke yao, bali fisi na tai waliokuja baadaye. Rundo la machicha lenye sumu ukingoni mwa msitu, katika vijiji ambako mbuzi wanatembea na watoto wanaokota kuni, ni jambo la kuogofya.

Kuna pia ugonjwa. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapa Kenya, mwaka 1921. Ngiri na nguruwe mwitu hubeba virusi vyake bila kuugua, lakini nguruwe wa kufugwa akiambukizwa kwa kawaida hufa, na dawa haipo. Sasa fikiria magharibi mwa nchi, Busia na Kakamega, ambako familia nyingi hufuga nguruwe wawili watatu na mara nyingi huwaachia wakajitafutie. Rundo la chakula chenye harufu kali litawaita wa mwituni na wa nyumbani mahali pamoja. Mama aliyekuwa akimtegemea nguruwe wake kwa karo ya muhula anaweza kumpoteza kwa sababu ya chambo cha mtu wa ng'ambo ya mto.

Wapo wanaosema nyama ingefidia hasara. Sina haraka ya kukubali. Biashara ya nyama ya porini ni kosa kisheria. Wakazi wengi wa sehemu hizi, Waislamu na Waadventista miongoni mwao, hawaigusi nyama ya nguruwe kwa imani. Na nyama hii isiyopimwa ina historia: mwishoni mwa miaka ya 1950 watu waliokula nguruwe mwitu wa miteremko ya Mlima Kenya waliugua vibaya kwa minyoo ya trikinela inayojificha ndani ya misuli. Mzoga ufukiwe au uchomwe.

Njia nyingine zipo, na anayeuliza kuhusu chambo kwa kawaida ameshazijaribu. Ua wa kayaba ulioshonana husaidia baada ya miaka. Mtaro husaidia mpaka mvua iuzibe. Majani chai ya Nyayo, yaliyopandwa kama mkanda kati ya msitu na watu tangu miaka ya 1980, hayaliwi na nguruwe, lakini hayapo kila mahali. Uzio wa umeme kama ule wa msitu wa Eburu unafanya kazi nzuri pale unapotunzwa, na gharama yake si ya mkulima wala ya kijiji kimoja.

Ninachopendekeza ni kwamba KWS, pamoja na vyama vya jamii vya misitu ambavyo tayari vina maskauti, iwe na mazizi machache ya kuhamishika katika kila kaunti yenye msitu mkubwa: Nakuru, Kericho, Nandi, Kakamega. Kijiji kinachovamiwa kiandikishe malalamiko kwa chifu, na zizi lipelekwe ambako malalamiko yamerundikana. Wanakijiji watoe kile ambacho askari wa mjini hawana, yaani kujua wanyama wanapitia wapi, upepo wa usiku unashuka upande gani, nani wa kuaminika kumwaga machicha kila jioni bila kuleta rafiki zake watazame. Ngiri au nguruwe mkubwa wa msituni akinaswa, aachiliwe. Kundi la mashambani likitimia, afisa mwenye mamlaka na daktari wa mifugo wamalize kazi siku hiyohiyo, damu ipimwe, mizoga ifukiwe.

Kitu hiki kitagharimu pesa, na kuna atakayesema pesa hizo hazipo. Lakini fidia isiyolipwa nayo ni deni, na linaongezeka kila msimu. Kuna pia atakayesema kwamba kuua mnyamapori hata mmoja kwa chambo ni kufungua mlango ambao 1977 ulifungwa kwa sababu nzuri. Hofu hiyo naiheshimu. Ndiyo maana zizi liwe mali ya umma, lenye namba, lisikodishwe kwa mgeni wala mtalii, na kila mnyama aliyeingia aandikwe kwenye daftari ambalo kamati ya kaunti inaweza kulifungua.

Na kabla ya gunia la kwanza la machicha kumwagwa, mzee wa mtaa azunguke nyumba kwa nyumba kuwaambia wenye nguruwe wawafungie bandani mpaka zizi lihamishwe.