Mkataba umo ndani ya jina la mtu, bosi

Hivi jamani kuna mwingine ana bosi anayetunza nyaraka kwenye majina ya watu au ni mimi tu niliyeandikiwa? Huyu wangu mafolda hayajui kabisa, akipata mkataba umeskaniwa anafungua Outlook, ile programu ya barua pepe, anatafuta jina la mteja kwenye kontakti, anaubandika humohumo, cheti cha TIN humo, risiti za EFD humo, kuna mteja mmoja mpaka picha za harusi ya binti yake zimo. Na programu inakubali, ndo balaa lenyewe.

Sasa kaletewa laptopu mpya. Kaniita. Mimi mtu wa stoo, ila kwa vile nilishawahi kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa basi ofisi nzima mimi ndo aiti. "Kijana," (kijana nina mjukuu) "nioneshe folda yanapokaa mafaili ya kwenye kontakti niyakopi kwenye fleshi."

Mzee, hakuna folda.

"Hakuna vipi na mimi mafaili nayaona?"

Haya mwelezee wewe mtu mzima mwenye digrii mbili kwamba barua pepe, kalenda, majina na hivyo viambatanisho vyake vyote vimeshindiliwa kwenye lifaili limoja tu lenye kimkia cha .pst, mara nyingi liko Documents ndani ya Outlook Files, na kama akaunti ni ya seva ya ofisi basi linakuwa .ost na linajificha huko AppData, folda ambayo Windows hata haikuoneshi mpaka uiambie ioneshe vilivyofichwa. Kanitazama jicho la kuniuliza huo mkataba nimeuuza shilingi ngapi.

Kaitwa mpwa wake, mtaalamu, earphone masikioni. Kaekspoti CSV, kamaliza chapchap, pongezi. Kufungua Excel, majina yapo, namba zipo, siku za kuzaliwa zipo, mkataba hata wa dawa. CSV ni maandishi matupu, PDF itaibeba kwa mgongo gani? Mpwa akakumbuka ana dharura Mbagala.

Mzee naye akajigundulia lake. Kaufungua mkataba kutoka kwenye jina la mteja, kaenda kwenye Save As, kaona njia ndefuuu inaishia Content.Outlook na herufi za ajabu ajabu, akapiga meza, "si folda hii hapa ulikuwa unanificha!" Mzee wangu, hiyo ni kopi ya muda tu, inawekwa pale ili uweze kusoma, ukishafunga inafutwa. Hakuniamini, tukaingia humo kupekua, tukakuta mabaki mawili matatu ambayo hayakuwahi kufutwa, na bibi harusi mmoja anakata keki.

Nikamwambia basi tulibebe hilo lipst zima zima, tunafunga Outlook, tunakopi, tunalifungulia kwenye laptopu mpya, kila jina litakuja na mizigo yake. Akakubali kwa shingo upande. Fleshi yake GB 32, mpya kabisa, lifaili halifiki hata GB 6, nakopi inaniambia faili ni kubwa mno. Ilikuwa FAT32 hiyo fleshi, yaani mpangilio wa kizamani wa kuhifadhi mafaili, faili moja likizidi GB 4 haipokei hata kama ndani ni uwanja wa mpira. Mzee kimya kidogo, halafu taratiiibu, "kijana, sita na thelathini na mbili, ipi kubwa?" Mbele ya sekretari!

Nimeifomati fleshi NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho cha GB 4, limeingia, mikataba yote ipo na keki ipo, asante sijaisikia mpaka kesho.

Asubuhi hii kapiga tena. Kahamishia majina kwenye simu yake mpya, mteja anamuona, namba anaiona, anataka kujua mkataba nimeupeleka wapi.