Kila Mtaa wa Nairobi na Serikali Yake

Ukitaka kujua siasa za Mnairobi, muulize maji anayapata wapi. Najua wengi wangeanza na kabila, na siwezi kusema wamekosea. Nimeona majirani wanaoombana chumvi wakianza kusalimiana kwa mbali miezi miwili kabla ya kura. Ila kabila litakuambia tu mtu atamchagua nani. Anachotaka kufanyiwa na huyo atakayemchagua, na anachokiogopa kutoka kwake, utakijua ukiangalia mfereji wake, karatasi yake ya mshahara na geti lake, kama analo.

Kwenye mitaa ya mabanda kama Mukuru kwa Njenga na Mathare, maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mifereji ikikauka bei hupanda siku hiyo hiyo. Lita kwa lita, anayeishi kwenye chumba cha mabati hulipa zaidi kuliko mwenye bwawa la kuogelea Runda, ambaye yeye ana mita. Kwa mwenye mtungi, basi, maji ni siasa tupu: nani anamiliki mfereji, nani alimruhusu kuunganisha bomba usiku, na nani wa ofisini anakula naye. Ukivuka barabara ya Outer Ring ukaingia huku kwetu Donholm, utaona tangi juu ya kila paa. Wakazi wa koti yetu, yaani nyumba zetu za geti moja, tulichanga tukachimba kisima. Pampu ikiharibika hatumtafuti diwani, tunaita boza la maji. Ukifika Karen, mtu ana kisima chake, sola yake, walinzi wake wa kampuni, na watoto wako shule ambazo Wizara ya Elimu inazisikia kwa mbali. Serikali imebakiwa na kazi moja tu kwa mtu kama huyo, nayo ni kutomsumbua.

Huyo ndiye atakayekuambia, tena kwa fahari, kwamba yeye si mtu wa siasa. Mimi huwa simwamini. Ukishajinunulia maji, stima, usalama na masomo, kitu pekee unachobaki ukikiona cha serikali ni ushuru, na mtu anayeona ushuru peke yake hawezi kufikiri sawa na mtu anayengoja zahanati ipate dawa. Hajatoka kwenye siasa. Ameshapata alichokuwa akikitaka, basi.

Sijaona jambo lililofichua haya kama ushuru wa nyumba, makato ya kujengea nyumba za bei nafuu. Ulipitishwa mwaka 2023: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Tulizozana juu yake mezani kwangu Jumapili moja, mimi, mke wangu na mjomba wangu, na Mama Brayo alikuwa jikoni akimalizia kazi. Mama Brayo hutufulia nguo na hutoka Mukuru kwa miguu.

Mke wangu alikuwa na hasira. Yeye ni mhasibu, na anayajua makato yake kwa majina: kodi ya mapato, hazina ya jamii, bima ya afya, sasa nyumba. Lakini hasira yake haikutoka kwenye hesabu peke yake. Baba yake alistaafu akazungushwa kwa miaka akifuatilia akiba yake mwenyewe, njoo kesho, faili limepotea, lete barua ya chifu. Mtu aliyemsindikiza mzee wake kwenye foleni kama hizo hawezi kusikia neno "mfuko" kutoka serikalini asijishike pochi. Ajabu ni kwamba ana mwenzake kazini, dawati kwa dawati, mshahara unakaribiana, ambaye aliunga mkono ushuru huo tangu siku ya kwanza. Huyo alilelewa Buruburu. Baba yake alikuwa karani miaka ya 1970, mtaa ule ulipokuwa ukijengwa kwa awamu, akapata nyumba kwa kulipa polepole, na watoto wote wakasomea humo. Kwake yeye, nyumba inayojengwa kwa mpango wa umma si ndoto ya mwanasiasa, ni mahali alipoota meno. Tabaka moja, ofisi moja, na bado hawakubaliani, kwa sababu mmoja alirithi nyumba na mwingine alirithi foleni.

Mjomba naye alipinga kwa sababu za kisheria. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana ni mjomba. Alikuwa ameisoma hukumu ya Mahakama Kuu ya Novemba 2023, iliyosema ushuru huo unakiuka Katiba, pamoja na mambo mengine kwa kuwabagua wenye ajira rasmi na kuwaacha wengine. "Sheria ni sheria, kijana," aliniambia, akigonga meza kwa kidole. Alichokiacha ni kwamba ana ghorofa la vyumba vya kupangisha mtaa wa Pipeline, na kwamba nyumba za bei nafuu zikijaa kilomita chache kutoka hapo, wapangaji wake wataanza kuuliza kwa nini choo ni kimoja kwa vyumba vyote vya ghorofa. Bunge lilipotunga sheria mpya Machi 2024 ikawagusa hata wasioajiriwa, kasoro aliyoilalamikia ikawa imezibwa. Mjomba hakubadilisha msimamo, alibadilisha kifungu.

Mama Brayo alikuja kuchukua mkoba wake akakuta tunapiga kelele. Akamwambia mke wangu, "Mama Imani, nyinyi mnalia mmekatwa. Mimi natamani nipate mahali pa kukatwa." Mumewe ni kibarua wa mjengo, na kwake habari za nyumba elfu kadhaa zilikuwa na maana moja, kwamba kutakuwa na mawe ya kubeba na zege la kumwaga. Baadaye kweli alipata kazi kwenye mradi wa nyumba wa Mukuru. Lakini nilipomuuliza Mama Brayo kama basi yeye anaunga mkono, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na zitajengwa juu ya nani?"

Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, maelfu ya nyumba zikabomolewa, na watu wakalala nje kwenye vifusi vyao, yeye na watoto wakiwamo. Miezi michache baadaye barabara ya Expressway ikafunguliwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na magazeti yakajaa picha za magari yakiteleza juu kwa juu. Watu wawili wanaweza kuitazama nguzo moja ya barabara hiyo, mmoja akasema nchi inaendelea, mwingine akasogea pembeni. Hakuna mjinga hapo. Kila mmoja anaikumbuka serikali aliyokutana nayo.

Kuna imani nyingine tuliyorithi inayoharibu mazungumzo haya, kwamba maoni ya mtu yana uzito kulingana na mali yake. Mwaka 1965, kwenye mkutano wa hadhara Kandara, Jomo Kenyatta alimkabili Bildad Kaggia, ambaye wakoloni walikuwa wamemfunga pamoja naye baada ya kesi ya Kapenguria, kwa sababu Kaggia alikuwa akidai ardhi kwa wasio nayo. Kenyatta alitaja wenzao waliokwisha kupata mashamba na mabasi, akamuuliza Kaggia yeye amejifanyia nini. Kaggia hakuwa na shamba kubwa la kuonyesha, na umati ukaachiwa kuelewa kwamba hiyo ni aibu. Swali hilo halijawahi kutoka nchini. Hulisikia kwenye michango ya harusi na kwenye vikao vya ukoo: anayezungumzia haki za maskini huulizwa kwanza amejenga nyumbani? Aliyejenga haulizwi alipata wapi.

Ndiyo maana sikushangaa mwaka 2022 William Ruto, aliyekuwa Naibu Rais kwa karibu miaka kumi, tajiri anayejulikana kwa utajiri, aliposhinda urais kwa kujiita hasla, yaani mtu wa kuhangaikia riziki, na kusimulia jinsi alivyouza kuku kando ya barabara. Wenzangu wa Kilimani walisema watu wa mitaa ya chini wamedanganywa. Sidhani. Wateja wa vibanda walijua fika kwamba mwenye helikopta si mwenzao. Walichokisikia ni asubuhi yao ikitajwa jukwaani: toroli, mama mboga, boda boda. Mpinzani wake, Raila Odinga, alikuwa na historia ndefu ya kupigania demokrasia, lakini kampeni yake ilizungumza na watu waliokuwa wameshakula. (Hata unga wa shilingi 100 ulioletwa Julai, wiki chache kabla ya kura, ulichekwa pale kibandani. Ulionekana ni wa kampeni, na madukani haukuonekana kabisa.)

Kisha Hazina ya Hasla, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ikazinduliwa tarehe 30 Novemba mwaka huo. Mama Kevo, anayeuza mboga nje ya geti letu, alijisajili kwa simu akapewa shilingi 500, alipe ndani ya siku 14. Alicheka sana. Ukitoa nauli ya kwenda soko la Marikiti na ya mbeba mzigo, hapo hamna biashara. Aliilipa, lakini mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ukapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 na nauli ya mzigo ikapanda nayo, na tangu hapo sijamsikia akitamka neno hasla ila kwa kejeli. Hakusoma uchambuzi wa mtu yeyote. Hesabu iko kwenye daftari lake.

Wanaosema siasa yote ni mfuko wa mtu huishia kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, ambao ulitaka kuwatoza wenye magari asilimia 2.5 ya thamani ya gari na kuuwekea mkate ushuru wa asilimia 16, na hivyo ukaunganisha Lavington ya matajiri na Kayole ya watu wa chini. Hiyo ni kweli nusu. Tarehe 18 Juni kamati ya Bunge iliviondoa vyote viwili, mkate na gari, lakini vijana wakaingia barabarani siku hiyo hiyo, wakarudi tarehe 20, na tarehe 25 wakaingia Bunge lenyewe. Kama ingekuwa mfuko tu, wangerudi nyumbani tarehe 19. Kilichoendelea ni kwamba maelfu ya vijana waliolelewa nyuma ya geti walikutana, wengi wao kwa mara ya kwanza, na serikali ambayo vijana wa Mathare huijua tangu utotoni. Walionja vitoza machozi, waliona gari lisilo na nambari za usajili, waliona mwenzao akianguka. Watu makumi kadhaa waliuawa katika wiki hizo.

Namkumbuka jirani mmoja, mzee mstaarabu, ambaye miaka yote alikuwa akisema polisi hawampigi mtu bure. Alisema hivyo hata Machi 2020, wakati wa kafyu, mtoto wa miaka 13 alipopigwa risasi na kufa akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Pale alisema kuna jambo hatuelezwi. Juni 2024 binti yake alirudi nyumbani bila kiatu kimoja, macho yamevimba, na kuanzia usiku ule mzee akawa mtu wa Katiba. Nilifurahi, na niliudhika pia. Kituo cha Haki za Jamii cha Mathare kimekuwa kikiandika visa vya vijana waliouawa na polisi kwa miaka kadhaa, na kutoka kwetu hadi Mathare si safari. Kumbe ushahidi ulipaswa kuvaa sare ya shule anayolipa karo mwenyewe.

Na uzoefu huo hauendi mbali kama tunavyodhani. Kwenye kikundi chetu cha wakazi, wale wale waliobeba bendera Juni, wakaimba kwamba hii ni nchi ya wote, sasa wameandika barua kuomba kanjo, askari wa jiji, waje kuondoa vibanda nje ya geti. Sababu zilizotolewa ni usalama, takataka na bei ya nyumba. Hakuna aliyeandika neno maskini. Kwenye barua hiyo Mama Kevo ameitwa "uvamizi wa hifadhi ya barabara". Kijana aliyekuwa na bango kubwa kuliko wote ndiye aliyerekebisha tahajia. Sisemi ni mnafiki. Risasi zilimgusa, akabadilika kuhusu risasi. Lori la kanjo likiondoka na mboga za siku nzima, na mwenye mboga akilikimbilia akiwa na mtoto mgongoni, hilo bado hajakutana nalo, na huenda asikutane nalo maisha yake yote.

Nimepeleka pendekezo lingine: vibanda vipangwe mstari mmoja, wenyewe wachangie gari la taka, na tuende pamoja nao kwa ofisi ya wadi kuomba nafasi iwekewe alama rasmi. Mwenyekiti amesema litajadiliwa baada ya suala la pampu. Tunaoliunga mkono mpaka sasa ni wachache, na nikitazama majina naona wote tuko kwenye daftari la Mama Kevo, ukurasa wa madeni.