Aliyeacha kibarua si mvivu

Kila msimu wa palizi lalamiko vijijini ni lile lile: vibarua hawapatikani, pesa za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, unaogawa ruzuku ya serikali kwa kaya maskini) zimewafanya watu wavivu. Mwenye ekari kumi anakumbuka enzi ambazo watu walimsubiri uani kabla jua halijachomoza. Leo inabidi awafuate majumbani, tena aongeze bei. Simkatalii alichokiona. Ninachokataa ni jina alilokipa.

Tupige hesabu kwanza. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao TASAF inauendesha, ulizinduliwa Agosti 2012, ukaenea hadi kufikia kaya zaidi ya milioni moja. Chukua kaya ya watu sita kwa viwango vya awamu hiyo ya kwanza: wazazi wawili, mtoto anayenyonya, wawili wa shule ya msingi, mmoja wa kidato cha pili. Ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi. Kwa kuwa na watoto waliongezewa 4,000, ya kliniki 4,000, ya wale wawili wa msingi 2,000 kila mmoja, ya sekondari 4,000. Jumla 26,000. Ukigawa kwa watu sita na siku thelathini, kila mmoja alipata shilingi 144 kwa siku. Kiwango cha juu kabisa kwa kaya kilikuwa 38,000, hata mngekuwa kumi na wawili ndani. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulipima mahitaji ya msingi ya mtu mzima mmoja kuwa shilingi 49,320 kwa mwezi, kwa hiyo kaya nzima ilipewa takriban nusu ya anachohitaji mtu mmoja. Kwa shilingi 144 hakuna anayetupa jembe.

Sasa mbona vibarua wamepungua? Kwa sababu masikini wa kijijini hulima mashamba mawili, la kwake na la mwenye pesa. Mvua za kwanza zikinyesha ghala lake tupu, na watoto hawawezi kusubiri mavuno. Anakwenda kulima kwa mwingine alipwe debe la mahindi au pesa ya unga wa jioni. Shamba lake analirudia wiki mbili au tatu baadaye, mbegu anazipanda zikiwa zimechelewa, magugu yanamtangulia, na mavuno yanakuwa haba. Mwaka unaofuata ghala tupu tena, kibarua tena. Malawi na Zambia mtindo huu wa kibarua unaitwa ganyu, na tathmini za ruzuku za serikali za huko zilionyesha jambo moja: waliopata ruzuku walipunguza saa za kulima kwa wengine wakaongeza saa za kulima kwao. Jasho ni lile lile, limehamia kwenye shamba la mwenye jasho. Mwaka 2017 mchumi Abhijit Banerjee na wenzake walikusanya majaribio ya ruzuku za serikali katika nchi sita, zikiwemo Honduras, Indonesia, Morocco na Ufilipino, wakaangalia kama watu huacha kazi. Hawakuona dalili ya hivyo.

Lakini wanaotetea ruzuku nao wasishangilie mapema, maana vishawishi vya kutofanya kazi vipo kweli. Havikai kwenye pesa, vimekaa kwenye utaratibu.

Kibaya zaidi ni uhakiki, yaani kukagua nani anastahili kuingia au kubaki kwenye mpango. Mlengwa hupatikana kwa hatua tatu: yanachaguliwa maeneo, kisha mkutano wa kijiji unataja kaya zilizo taabani, kisha anakuja mdodosaji. Huyu haulizi mshahara, maana hakuna hati ya mshahara. Anauliza paa ni la nini, sakafu ni ya nini, mnawasha taa gani, mna mifugo mingapi, wanaolala humu ni wangapi. Majibu yanaingizwa kwenye kanuni ya kompyuta, inatoka alama: umo au haumo. Fomula haijabandikwa popote, ila watu wakishadodoswa mara moja wanajua maswali. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: nyumba imejengwa kwa tofali za kuchoma, imefika usawa wa lenta, kisha imesimama. Bati zimenunuliwa moja moja kwa akiba ya kikundi, zimeegemezwa ukutani nyuma ya magunia, zikisubiri mdodosaji apite. Mbuzi wawili wanalishwa kwa shemeji.

Huyu mtu amefanya yote tuliyomhimiza ayafanye: kaweka akiba, kanunua, kafuga. Halafu utaratibu wetu unamfundisha afiche. Uingereza wana namna ya kukwepa mtego huu: kila pauni mtu anayoongeza kwa kazi, baada ya kiwango fulani, msaada wake unapungua kwa peni 55, hivyo akifanya kazi zaidi habaki pale pale. Sisi hatuwezi kuiga, kipato cha mkulima hakipimiki kila mwezi. Tunachoweza kuutumia ni muda. Kaya ikionekana imeinuka, iambiwe kwa barua kwamba itaendelea kulipwa miaka miwili kamili, ezeka ukitaka, fuga ukitaka, hakuna atakayekugusa kabla ya tarehe hii. Kumlipa aliyekwishainuka kwa miaka miwili kuna gharama. Bado ni nafuu kuliko kumlipa asiyethubutu kuinuka kwa kumi.

Ajira za muda ndiyo sehemu ya mpango iliyobuniwa kujibu hoja ya uvivu, na awamu ya pili iliyozinduliwa Februari 2020 iliupa mkazo upande huu wa kazi. Katika awamu ya kwanza mtu mwenye nguvu alifanya kazi siku 15 kwa mwezi, miezi minne, kwa 2,300 kwa siku. Siku 60, shilingi 138,000. Ujira uliwekwa chini makusudi ili asiyehitaji asije. Hoja hiyo ina maana pale kazi inapokuwa wazi kwa kila mtu. Hapa watu wameshachujwa mara tatu, kwa hiyo ujira wa chini hauchuji tena yeyote, unampunja tu yule yule tuliyekwisha kuthibitisha kwamba hana.

Tatizo kubwa zaidi ni kalenda. Chukua Dodoma au Singida, penye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Njaa huuma Januari hadi Machi, na huo ndio wakati wa palizi. Nafasi ya kazi ipo kiangazi, baada ya mavuno. Ukiweka kazi wakati wa njaa, unamtoa mtu shambani kwake, yaani umefanya kile kile alichokuwa anafanya mwenye ekari kumi. Ukiiweka kiangazi na kulipa papo kwa papo, pesa inaisha kabla njaa haijafika. Jibu linalowezekana ni kazi ya Julai hadi Oktoba, na malipo yagawanywe: sehemu kila mwezi, sehemu ishikiliwe hadi wiki ya kwanza ya Novemba kwa ajili ya mbegu na chakula cha palizi.

Na udongo una kalenda yake. Lambo la kijiji ni tuta, na tuta halijengwi kwa kumwaga udongo ukarundikana. Unalazwa kwa tabaka la sentimita 15 hivi, unanyunyiziwa maji, unashindiliwa, ndipo tabaka linalofuata. Septemba udongo ni mkavu kama tofali na maji ya kunyunyizia yanabebwa kwa ndoo kutoka mbali, kwa hiyo msimamizi anaruka hatua hiyo. Mlango wa kutolea maji ya ziada nao huachwa, kwa sababu unadai saruji na mawe, na saruji haijaletwa. Mvua kubwa ya kwanza inapita juu ya tuta, inalikata katikati. Watu hamsini wamechimba miezi minne, wanabaki na korongo. Ukitaka mtu aone kazi haina maana, hakuna darasa zuri kuliko hilo. Pasipo na maji karibu ni heri kuchimba makinga maji mashambani mwao wenyewe, kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa wa mteremko. Hayahitaji saruji, na faida yake yanampa aliyeyachimba.

Kuhusu malipo, jaribio la GiveDirectly, shirika linalowapa maskini pesa moja kwa moja, huko Siaya na Bomet, Kenya, lina funzo. Vijiji vingine viliahidiwa pesa kila mwezi kwa miaka 12, vingine kwa miaka 2, vingine vikapewa fungu moja kwa mkupuo. Kwa ujumla watu hawakufanya kazi kidogo, walihama kutoka vibarua kwenda biashara zao. Waliopewa mkupuo na wale wa miaka 12 walijiinua kuliko wa miaka 2, na wengi wa miaka 12 walijiunga na merry-go-round ili vijisenti vya mwezi vigeuke mtaji. Kwetu tunauita upatu. Wenyewe wameshatuonyesha wanachotaka: tarehe inayojulikana, na mara moja moja fungu lenye uzito. Mlengwa aruhusiwe kuchagua malipo mawili ya mwaka yaunganishwe.

Kuna kaya ambazo mjadala huu hauzihusu kabisa. Bibi wa miaka 78 anayelea wajukuu watatu haulizwi kwa nini hachimbi lambo. Zanzibar waliliona hilo mapema: tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 na kuendelea analipwa Pensheni Jamii, ilianza na 20,000 kwa mwezi, bila mdodosaji wa kukagua paa. Kazi kubwa pale ni kuthibitisha umri.

Kwa wenye nguvu, kinachohitajika kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji ni karatasi moja: tarehe za kazi, tarehe za malipo, tarehe ya uhakiki. Ziandikwe Juni na zisibadilishwe. Fungu la Novemba likifika Januari, mvua za kupandia zimeshapita, na mtu anarudi kusubiri uani kwa mwenye ekari kumi.