Mstari wa pili wa kadi: Uganda na mjadala wa dozi ya pili

Kadi yangu ya chanjo ya UVIKO-19 ina mistari miwili. Ule wa kwanza umejazwa kwa wino wa bluu: tarehe ya mwezi wa Aprili 2021, namba ya bechi, na sahihi ya muuguzi ambayo sidhani hata yeye mwenyewe angeisoma. Ule wa pili una tarehe ya kurudi iliyokatwa, na juu yake imeandikwa tarehe nyingine, ambayo nayo imekatwa. Nilipokwenda kuulizia katika kituo cha afya nilikochanjwa, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, niliambiwa nisubiri ujumbe wa simu. Kwenye benchi lile lile alikuwa ameketi mama mmoja muuza samaki sokoni, mwenye kadi kama yangu, naye akamwambia muuguzi kwa Kiswahili cha soko letu: "Dada, mlisema wiki nane, mkasema kumi na mbili, sasa mnasema simu. Mimi simu sina."

Kadi za namna hiyo zilikuwa mikononi mwa watu wengi sana nchini katikati ya mwaka 2021, na nyuma yake kulikuwa na swali ambalo halikujadiliwa waziwazi vya kutosha: nchi yenye chanjo chache iwape watu wengi dozi moja moja, au iwape wachache dozi mbili kamili? Nalirudia swali hili kwa sababu halikuondoka na UVIKO-19. Limerudi kwa kipindupindu, limerudi kwa mpox (homa ya nyani), na kila mara linarudi likitukuta tumesahau tulivyolijibu mara ya kwanza.

Tukumbushane basi. Tarehe 5 Machi 2021 Uganda ilipokea dozi 864,000 za AstraZeneca zilizotengenezwa na Serum Institute of India, zilizoletwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kuzigawia nchi chanjo, na serikali ya India ikaongeza msaada wa dozi 100,000. Uchanjaji ulizinduliwa katika Hospitali ya Mulago tarehe 10 Machi, wa kwanza wakiwa wahudumu wa afya, wakifuatiwa na walimu, vyombo vya usalama, watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi ya kudumu kama kisukari na shinikizo la damu. Lengo lilikuwa kuwafikia watu wapatao milioni 22. Kabla ya mwezi huo kwisha, India, ambayo wimbi la maambukizi lilikuwa limeanza kuielemea, ilizuia chanjo kutoka nje ya nchi yake, na shehena za COVAX ambazo zingekuwa dozi ya pili ya watu wetu hazikuonekana. Tulichokuwa nacho kilikuwa kile kile kilichoshuka Entebbe mwanzoni mwa Machi.

Wanaotetea uamuzi wa kuzitumia karibu zote kama dozi ya kwanza wana hoja nzito, na mimi sizipuuzi. Sayansi ya wakati huo iliwaunga mkono. Uingereza ilikuwa imeamua mwishoni mwa Desemba 2020 kuisogeza dozi ya pili hadi wiki 12, na mwezi wa Februari 2021 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba AstraZeneca ilikinga kwa asilimia 81.3 pale dozi mbili zilipoachana kwa wiki 12 au zaidi, dhidi ya asilimia 55.1 pale zilipoachana kwa chini ya wiki sita. Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza wiki nane hadi 12. Kungoja, kwa chanjo hii, hakukuwa hasara. Kulikuwa na faida yake, mradi mwisho wa kungoja uwepo.

Hoja yao ya pili ni ya jokofu, na hii naiona nzito kuliko ya kwanza. Siku moja tu baada ya uzinduzi wa Mulago, Denmark ilisimamisha AstraZeneca kwa hofu ya damu kuganda, na ndani ya wiki moja Ujerumani, Ufaransa na Italia zikafuata kwa muda. Habari hiyo ilizunguka katika WhatsApp za Kampala, Gulu na Mbarara kwa kasi ambayo hakuna gari la kusambazia chanjo lingeifikia. Machi na Aprili vituo vingi havikuwa na foleni. Chanjo ile huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na haina umri mrefu. Nchi nyingine za Afrika zilionyesha kinachompata anayeweka akiba: Malawi iliteketeza dozi 19,610 zilizopitwa na muda mwezi wa Mei 2021, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyochelewa kuanza kwa hofu ile ile ya damu kuganda, ilirudisha dozi milioni 1.3 kati ya milioni 1.7 ilizopewa ili zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Ofisa wa afya wa wilaya ambaye angezifungia nusu ya dozi zake kwenye jokofu mwezi wa Aprili, akingojea Julai, angeonekana mzembe, na pengine angekuwa mzembe kweli.

Upande wa pili unaanzia kwenye kirusi chenyewe. Delta, aina mpya ya kirusi iliyoizidi nguvu India, haikukaa huko. Mwezi wa Juni ilikuwa imeshajaza wodi zetu, na oksijeni ikawa bidhaa ya kutafutwa kwa kujuana. Takwimu za Uingereza za miezi hiyo zilionyesha kwamba dozi moja, iwe ya AstraZeneca au ya Pfizer, ilizuia ugonjwa wenye dalili za Delta kwa asilimia 30 hivi tu, ilhali mbili za AstraZeneca zilifika asilimia 67. Waingereza wenyewe, wale wale waliotufundisha subira ya wiki 12, walirudi kwenye wiki nane katikati ya Mei kwa watu wao wenye miaka 50 na zaidi. Wao waliweza kupunguza subira kwa sababu maghala yao yalikuwa na chanjo. Sisi tulisoma ushauri ule ule na hatukuwa na cha kuufanyia.

Lazima niseme pia, kwa haki, kwamba takwimu hizo hizo zina sura nyingine. Dhidi ya kulazwa hospitalini, dozi moja ya AstraZeneca ilikinga kwa kiasi cha asilimia 71, na mbili kwa asilimia 92. Kwa hiyo anayesema dozi moja ilikuwa bure anakosea, na anayesema ilitosha anakosea pia. Tofauti ya 71 na 92 ni ndogo kwa kijana wa bodaboda mwenye miaka 24. Kwa muuguzi mwenye miaka 56 na kisukari, anayeingia wodi ya UVIKO-19 kila usiku, ni tofauti ya kurudi nyumbani na kutorudi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili, kwa sababu naona zote zilibishana juu ya hesabu isiyokuwa yetu. Dozi 964,000 zikigawanywa mbili mbili zinawatosha watu 482,000. Zikigawanywa moja moja zinawatosha watu 964,000. Ukizipima kwa lengo la watu milioni 22, ni kama watu wawili katika kila mia dhidi ya wanne katika kila mia. Uingereza ilipotanua dozi ya kwanza iliweza kuwafunika karibu wazee wake wote; huo ulikuwa upana wa kweli. Kwetu, wanne katika mia haukuwa ukuta wa kuzuia chochote, na wawili katika mia vilevile. Kwa akiba ndogo namna hiyo, swali la dozi ngapi kwa kila mtu lilipaswa kutanguliwa na swali la mtu gani. Wahudumu wa afya, wa serikali na wa binafsi, walikadiriwa kuwa 150,000 hivi. Kuwatengea dozi mbili kamili kungegharimu dozi 300,000, chini ya theluthi moja ya shehena, na zilizobaki zingeweza kwenda moja moja kwa wazee na wagonjwa bila dhambi yoyote. Tatizo la jokofu nalo lingepungua, kwani akiba ya kundi linalojulikana kwa majina na vituo vya kazi ni rahisi kuisimamia kuliko akiba ya taifa zima.

Najua jibu litakalotolewa: wahudumu wa afya wenyewe walisitasita, na dozi ambazo wangetengewa zingelala. Ni kweli walikuwapo waliosita. Lakini kusitasita kwa Machi kulikwisha Juni, mazishi yalipoanza kuwa ya watu tunaowajua, na kufikia hapo foleni zilikuwa zimegeuka kuwa msukumano na vichupa vimekwisha.

Kuna jambo ambalo mjadala wa kitaalamu haukuligusa kabisa, nalo ni barabara. Aliyechanjwa mwishoni mwa Machi, ukimhesabia wiki 12, anaangukia katikati ya Juni au baadaye. Wa Aprili anaangukia Julai. Tarehe 18 Juni Rais Museveni alitangaza kufungwa kwa nchi kwa siku 42. Magari ya abiria na ya binafsi yalipigwa marufuku, na bodaboda zikaachiwa mizigo tu. Basi hata pale msaada ulipoanza kufika, ukiwamo wa dozi 175,200 kutoka Ufaransa mwezi wa Juni, mwenye haki ya kuufuata alitakiwa aufuate kwa miguu. Nilimwona mzee mmoja aliyetembea tangu alfajiri akaambiwa arudi kesho, kwa sababu kichupa kina dozi kumi, kikishafunguliwa hakikai zaidi ya saa sita, na asubuhi ile walikuwa wamefika watu wanne tu. Muuguzi hakuwa na kosa. Alifuata kanuni ya kutopoteza chanjo, na kanuni hiyo ilitungwa kwa siku ambazo magari yanatembea.

Wengi tumezoea kuwaita waliokosa dozi ya pili watoro. Neno hilo linaudhi. Mtoro ni yule aliyeitwa akakataa kuja. Hawa waliitwa na kadi, wakaja, wakakuta hakuna kitu, na baadaye kitu kilipokuwapo hawakuwa na njia. Wakati huo huo matapeli waliiona nafasi: mwezi wa Julai mamlaka zilitangaza kwamba watu wasiopungua 800 walikuwa wamedungwa chanjo bandia, baadhi ya vichupa vikiwa na maji. Mtu aliyeahidiwa chanjo akaikosa ni mteja mwepesi wa anayemwambia kwamba ipo, kwa pesa kidogo, nyuma ya duka.

Kuanzia Septemba 2021 hali iligeuka. Pfizer na Moderna zilimiminika kutoka Marekani, na Johnson & Johnson ya dozi moja ikaja pia, ile ile ambayo Tanzania ilianza nayo mwezi wa Julai baada ya Rais Samia kuifungulia nchi mlango wa chanjo. Johnson & Johnson ilitufundisha kitu bila kelele: kijijini, chanjo dhaifu kidogo inayokwisha siku moja yaweza kufanya kazi kubwa kuliko yenye nguvu inayodai kurudi. Lakini wingi huo ulikuja hofu ikiwa imepoa, na baadaye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliripoti mamilioni ya dozi yaliyopitwa na muda. Tulikosa tulipotaka, tukapata tulipokwisha kuacha kutaka. Lawama ya hilo haiwezi kukaa Kampala peke yake. Waliolimbikiza chanjo mwanzoni mwa 2021 na kuzitoa msaada zikiwa zimekaribia ukingoni wana sehemu yao kubwa.

Sasa tazama yaliyofuata. Oktoba 2022, kwa uhaba wa dunia nzima, utaratibu wa dozi mbili za chanjo ya kipindupindu katika kukabili milipuko ulisitishwa ikabaki moja. Mpox ilithibitishwa nchini mwaka 2024 upande wa Kasese, mpakani na Kongo. Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha chanjo ya mpox iitwayo MVA-BN mwezi wa Septemba mwaka huo, lilitaja dozi mbili zenye kuachana wiki nne, likaongeza kwamba mahali penye uhaba moja yaweza kutumika. Kinga ya moja ilikadiriwa kuwa asilimia 76 na ya mbili asilimia 82. Kwa tofauti ndogo kama hiyo, mimi ningetanua dozi ya kwanza bila kusita. Ningefanya hivyo, hata hivyo, nikiwa nimebadili kadi: mstari wa pili usiandikwe tarehe yoyote mpaka chanjo yake iwe imeshafika wilayani, na mwenye kadi aambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa lugha anayoitumia sokoni. Kuna watakaosema ukweli wa namna hiyo utawavunja moyo watu wasije kabisa. Huenda baadhi yao wasije. Wale niliowaona mwaka 2021 walivunjwa moyo na tarehe zilizokatwa mara mbili.

Mama yule wa samaki alipata dozi yake ya pili mwezi wa Oktoba. Hakuna ujumbe uliomfikia. Mhudumu wa afya wa kijiji alipita kibandani kwake kununua mukene (dagaa), akamkumbuka, akamwuliza kama kadi yake bado anayo.