Mjomba wa kukodi

Binti wa jirani yangu hapa Mikindani alipoposwa, wageni waliulizia mjomba. Akaketi mkekani mtoto wa kiume wa bibi aliyemlea huyo jirani. Mzee mmoja akanong'ona, "Mjomba wa kukodi." Jirani alikuwa uani anakuna nazi, alisikia, mkono ukasimama juu ya mbuzi.

Alizaliwa 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, watu wakivuka Ruvuma kukimbilia huku. Mama yake alimwacha angali mchanga kwa mwanamke wa Newala, ambaye baadaye alihamia pwani. Sasa anataka kumtafuta mama aliyemzaa, na mtaa umegawanyika.

Wanaomkataza wana hoja. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mlezi yu hai, macho yameingia ukungu, kila jioni anauliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Huko aendako huenda kuna mama aliyeolewa akanyamaza na siri yake. Tena mgeni akitokea Oktoba, korosho zikiwa mnadani, ndugu huanza kuhesabu mikorosho kabla ya kumpa kiti. Wanaoicheka hofu hiyo hawajawahi kugawana shamba.

Hata hivyo naona wanaosema "nenda" wana uzito zaidi, hasa huku kusini. Wamakonde, Wamwera na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Asiyemjua baba bado ana kwao. Asiyemjua mama hana mjomba, wala hajui nani ni ndugu yake asiyeruhusiwa kuoana naye.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ndugu zake. Lakini aliyeasiliwa mahakamani ana jalada la kufuatilia; huyu alikabidhiwa mkono kwa mkono, na mkunga aliyeshuhudia keshafariki. Vinasaba? Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali huendi tu mwenyewe na mate yako. Ombi hupitia mahakama, ustawi wa jamii na wengine waliotajwa kisheria. Na ukishapimwa, unalinganishwa na nani?

Dini nayo huvutwa huku na huku. Aya ya 5 ya sura ya Al-Ahzab katika Kurani inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na wanaosema "nenda" huishia hapo. Wenzao huruka kwenye kipande kinachofuata: msipowajua baba zao, basi ni ndugu zenu katika dini. Aya moja, kila mtu na nusu yake.

Mimi ningetanguliza mzee wa busara, korosho zikishauzwa, asibishe hodi mwenyewe. Na kabla ya yote ningemaliza na mlezi, maana jalada lililobaki ni kichwa chake.

Juzi jirani alikaa naye barazani, hakumuuliza kitu, akamchambulia mchele tu. Bibi akanyoosha kidole, akamgusa shavu karibu na sikio. "Alikuwa na chale hapa," akasema, "tatu. Ya katikati ilipinda."