Kichwa cha habari kinatisha kuliko habari yenyewe

Mhariri, mmeandika kana kwamba ugonjwa wa sokwe wa hifadhi ya Tacugama, Sierra Leone, tayari unabisha hodi majumbani. Watafiti wenyewe, walipochapisha matokeo yao mwaka 2021, hawakuwa na mgonjwa hata mmoja binadamu. Hilo mmelitaja aya ya mwisho kabisa, ambako nani anafika?

Kisa chenyewe kinatosha bila chumvi. Kuanzia 2005 hadi 2018 walikufa sokwe 56 katika hifadhi ile. Wengine walipepesuka kama walevi, wakatapika, wakashikwa na degedege, tumbo limejaa gesi. Walitibiwa, wakafa vilevile. Vifo viliongezeka kila ifikapo Machi, na ugonjwa haukuonekana kurukia jirani wa zizi, kwa hiyo shaka ikaangukia mazingira. Ndipo wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walipoona kwenye kipande cha ubongo vijidudu vilivyopangana nne nne kama vijisanduku: bakteria aina ya Sarcina, ndugu wa yule aliyejulikana tangu 1842 kwenye tumbo la binadamu.

Anayesema utafiti wote wa sokwe waliofungiwa ni ukatili achanganue. Kuwadunga virusi maabara Marekani (serikali yao ilitangaza kuachana na utafiti wa aina hiyo 2015) ni jambo moja. Kupima sampuli za sokwe mayatima waliookolewa mikononi mwa wawindaji, ili wenzao wasife, ni jingine kabisa. Rekebisheni kichwa hicho, tafadhali.