Nakatwa kodi kubwa kwenye mshahara na silalamiki, subirini kwanza kutukana

Leo nikiwa kwenye basi hapa Göteborg, Sweden, nimemaliza ritani yangu ya kodi ya mwaka mzima, kwa simu, hata kituo cha tatu hatujafika. Wenyewe wameshajaza kila kitu, mshahara, makato, riba ya benki, kazi yangu ni kusoma na kubonyeza kwamba nakubali. Chini kabisa imeandikwa nilikatwa kupita kiasi kwa hiyo narudishiwa hela. Mamlaka ya kodi inanirudishia hela mimi! Bila barua, bila kumjua mtu ndani.

Najua mshaanza, "hawa diaspora wakishavaa makoti mazito tu wanajiona". Sijasema huku ni peponi jamani. Kipande kikubwa cha mshahara kinaondoka kabla sijakiona, VAT ya huku ni 25% wakati kwetu Tanzania ni 18%, na ukiumwa goti utamsubiri daktari bingwa mpaka usahau ni goti lipi. Ila makato yangu nayaona yanapokwenda. Mtoto anakula mchana shuleni bila mchango na sijawahi kutumiwa meseji ya hela ya mlinzi, hela ya mtihani, hela ya dawati. Kila mwezi krona 1,250 za mtoto zinaingia, awe wa mkurugenzi au wa mfagizi kama mimi.

Kwetu mimi siudhiki na ukubwa wa kodi, naudhika kwamba serikali inakuvizia pale ambapo huna pa kukimbilia. Wakati ule ulituma hela kwa simu, ukakatwa tozo (ile ya Julai 2021 mnaikumbuka, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, mpaka kelele zikazidi ndo wakapunguza). Umeweka mafuta, umenunua umeme, umelipa. Halafu mtu anakaa kwenye TV anasema Watanzania hawapendi kulipa kodi. Mama muuza mihogo wa Mbagala hana TIN, namba ya mlipakodi, sawa, ila vocha yake, sabuni yake, dizeli iliyomo kwenye nauli yake, vyote vina kodi! Na Aprili ikifika ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inasomwa, tunashika vichwa wiki mbili, V8 za wakubwa zinaendelea kunguruma. Sasa mwananchi anayeona yote hayo akiulizwa dukani Kariakoo anataka bei ya risiti au bila risiti, unategemea ajibu nini?

"Sweden wana viwanda, wamejenga nchi miaka mingi." Kweli kabisa. Lakini kumrudishia mtu chake kunataka kiwanda gani? Huku raia yeyote anaweza kupiga simu mamlaka ya kodi akauliza waziri fulani ana kipato gani, na anajibiwa, ni sheria. Hapo napo panahitaji kiwanda?

"Basi rudi ulipe huku." Nalipa huko ndugu yangu, hela ninayotuma inageuka saruji, na kila mfuko wa kilo 50 una shilingi 1,000 ya serikali tangu 2023. Mdogo wangu amepanga chumba na sebule Tabata, kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yake, umeme wa kulipia kabla, wakati jengo si lake, eti akadaiane na mwenye nyumba. Wewe unayenitukana hapa, umewahi kumdai mwenye nyumba wako?